Kabati la Mama Mkwe Lapiga Besi

Jumatatu, 4 Novemba 1996

Nimeipata! Amplifaya ya vali, Bramwell ya wati mia, ya mwaka 1965. Ilikuwa kwenye chumba cha chini cha kanisa la Wamethodisti, imebeba birika kubwa la chai. Miaka yote hiyo waumini wamejimiminia chai juu ya mashine ya kupigia besi na hakuna aliyejiuliza kwa nini meza ina vitufe.

Mchungaji aliuliza naitakia nini. Nikasema napenda historia. Akasema vizuri sana, basi niwaandikie historia ya kanisa, kijitabu kidogo tu, na mashine niichukue. Tukapeana mikono. Sikutaja tarehe.

Sababu yenyewe ni hii. Barrie Murgatroyd, kiongozi na mwimbaji wa bendi yetu, amemleta mkwewe Trevor mazoezini. Trevor anapiga gitaa la besi. Mimi napiga gitaa la besi. Bendi ina nafasi moja. Barrie hawezi kumwambia mtu jambo gumu huku akimtazama, kwa hiyo aliiambia ngoma kubwa: Jumamosi ya tarehe 16, kwenye sherehe ya klabu ya wafanyakazi, Trevor atapiga kipindi cha kwanza na mimi cha pili. Atakayesikika vizuri ndiye atakayebaki. Ngoma haikupinga.

Trevor ana amplifaya mpya, ndogo kama kisanduku cha vipodozi. Huibeba kwa kidole kimoja, na huhakikisha kidole kinaonekana. Kwa kasi ya vidole simuwezi; ana nusu ya umri wangu. Kwa sauti namuweza. Vali, zile chupa za kioo zinazowaka ndani kama vitaa, hutoa sauti nene yenye joto. Unaisikia tumboni kwanza, masikioni baadaye. Nikiifufua Bramwell, Trevor atasikika kama mbu ndani ya chupa.

Doreen, mke wangu, aliuliza mzigo huu utakaa wapi. Nikasema jikoni, kwa muda. Akauliza muda wa watu au muda wangu mimi.

Jumanne, 5 Novemba

Nimeifungua. Ndani kuna kiota cha panya, kimejengwa kwa kurasa za nyimbo za kanisa. Kazi safi, lazima nikiri. Vali zote zipo. Kapasita, yale makopo madogo yanayotunza umeme, zimevimba na kupasuka. Hakuna la kutisha.

Mashine ni vipande viwili: kichwa chenye vali, na sanduku la mbao la spika, refu hadi kifuani mwangu, lenye vyuma vya shaba pembeni. Sanduku linanuka panya waliokufa na panya walio hai. Nikazitoa spika mbili nikaziweka kwenye beseni la kuogea. Sanduku nikaliegemeza kwenye ukuta wa kichochoro cha nyuma lipigwe na upepo.

Jioni tukaenda kiwanjani kwenye Usiku wa Moto, sherehe ya kila mwaka ya kuchoma lundo la mbao kuukuu, pamoja na mji mzima. Moto wa mwaka huu ulikuwa mkubwa kuliko wote ninaoukumbuka. Watoto walikuwa wamezunguka vichochoro vyote wiki nzima kukusanya mbao kuukuu, na walifanya kazi nzuri. Nilikuwa na kipande cha keki ya tangawizi mkononi. Nikamwonyesha Doreen ubao mmoja mnene uliokuwa ukiungua taratibu, kwa mwali wa buluu. Nikamweleza kwamba ile ndiyo mbao ya zamani, siku hizi hawatengenezi mbao kama ile, angalia ilivyoungwa pembeni.

Doreen alisema pembeni kuna vyuma vya shaba.

Nilitazama vyuma. Niliendelea kula keki, kwa sababu hakuna kingine cha kufanya unapotazama sanduku lako likiungua mbele ya mji mzima. Trevor akatokea gizani akauliza, "Mzee, lile si sanduku lako lile?" Nikamwambia hapana.

Jumatano, 6 Novemba

Tathmini ya hasara: sanduku moja. Spika ni nzima. Doreen anataka kuoga.

Nahitaji mbao nzuri, kavu, nene, za zamani. Duka la mbao linauza vitu laini kama biskuti. Nimezunguka nyumba nzima nikigonga fanicha kwa kifundo cha kidole. Sauti bora imetoka chumba cha wageni, kwenye kabati la nguo la marehemu mama mkwe. Mwaloni mtupu. Linagonga kama kengele.

Doreen hatakubali kamwe. Ni kumbukumbu ya mama yake.

Nina mpango.

Alhamisi, 7 Novemba

Doreen alipokwenda kwa msusi, nilichukua keekee ya mkono yenye ncha nyembamba nikatoboa vitundu upande wa nyuma wa kabati na kidogo kwenye mlango. Nikamwaga unga wa mbao chini, si mwingi. Kazi ya uangalifu. Aliporudi nikamwita kwa sauti ya huzuni. Nikamwambia nina habari mbaya: wadudu wa mbao. Wameshaingia. Tusipolitoa kabati hili leo watahamia kwenye ngazi, kisha kwenye paa.

Doreen alivaa miwani. Aliinama. Alikaa pale muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kisha akaniuliza hawa wadudu walikuja na rula zao au waliazima ya kwangu.

Kwa kweli nilikuwa nimevipanga vitundu kwa mistari. Ni mazoea, sipendi kazi ya ovyo.

Akasema kabati hilo amelichukia tangu utotoni. Mlango wake ulikuwa ukimbana vidole, na mama yake alikuwa akificha humo peremende asizogawa. Amekuwa akilivumilia miaka yote kwa sababu alidhani mimi nalipenda. Akasema, "Ungeomba tu, Clifford." Halafu akashuka kuweka maji ya chai jikoni.

Kwa hiyo mpango umefanikiwa.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimekata kabati. Sanduku jipya limesimama. Lina tundu la ufunguo mbele, na linanuka dawa ya nondo badala ya panya, jambo ninaloliona kuwa ni maendeleo.

Mchana nikarudi kwenye kichwa. Nilitaka kujua hali yake kabla ya kubadilisha kapasita, nikaiwasha mashine kidogo. Ikanguruma, ikatoa moshi mwembamba, fyuzi ikakatika. Nikachomoa plagi. Nasisitiza: nilichomoa plagi. Nikaiweka plagi mezani mbele ya macho yangu. Nikapiga mluzi. Mkono wa kushoto nikautia mfukoni, kama mafundi wa zamani wanavyoshauri, ili umeme usipite kifuani. Mkono wa kulia nikaupeleka kwenye kapasita.

Nilijikuta nimekaa ndani ya ndoo ya makaa.

Kapasita hutunza umeme hata baada ya kuchomoa. Nilikuwa najua. Mkono wa kushoto ulikuwa bado mfukoni, umeng'ang'ania funguo. Doreen aliita kutoka sebuleni kuuliza kama Barrie amenipa na sehemu ya kuimba.

Jumapili, 10 Novemba

Nimenunua kapasita mpya na nimezilehemu zote. Nimefuta vumbi kwenye soketi za vali kwa mswaki. Mswaki ulikuwa wa Doreen. Nimeurudisha.

Limebaki bati moja, la kufunika tumbo la mashine kwa chini. Limeshika kutu, lina maandishi yasiyosomeka, na skrubu zake zimepotea. Mashine inafanya kazi bila bati, sawasawa kabisa. Viwanda huongeza vitu ili mnunuzi aone uzito.

Doreen alikuwa kimya tangu habari ya mswaki. Nikaona bati linatosha kabisa chini ya chungu chake cha maua, pale dirishani, ambapo maji hutiririka na kuharibu rangi. Nikaliweka bila kuambiwa. Alinishukuru. Alisema ni mara ya kwanza mwaka huu nimefanya kitu cha nyumba hii. Vita imekwisha, na bati nimelipatia kazi. Yote kwa pigo moja.

Jumanne, 12 Novemba

Inapiga!

Nilichomeka gitaa saa ya chakula cha mchana. Vali zikawaka rangi ya chungwa. Nikapiga noti moja, ya chini kabisa, taratibu. Vikombe vikasogea kwenye rafu. Sahani ya ukumbusho wa harusi ya malkia ikajigeuza ukutani. Jirani akagonga ukuta, kisha akaacha kugonga, nadhani kusikiliza.

Sauti haielezeki. Doreen alisimama mlangoni na taulo mkononi akasema, basi, kumbe ni hii uliyokuwa unaisema. Nikapiga nyingine. Hakuondoka.

Jioni dukani kwa samaki na chipsi nilikutana na Trevor. Akauliza, "Mzee, inaendaje ile mashine? Maana ikigoma chukua yangu. Mimi sina noma, tutapokezana." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, mbele ya foleni.

Nimeitafakari kauli hii njia nzima. Mtu hutoa msaada kwa mpinzani kwa sababu moja tu. Trevor ameogopa.

Alhamisi, 14 Novemba

Mazoezi kwenye banda la maskauti, nje ya mji. Bramwell ilibebwa na watu wanne. Trevor alishika upande mzito akashuka nao ngazi kinyumenyume bila kulalamika. Naandika hilo kwa sababu lilitokea, si kwa sababu linaongeza kitu.

Nikapiga. Barrie aliacha kuimba katikati ya ubeti. Akaitazama mashine, hata hakunitazama mimi, akasema, "Ee bwana wee." Baada ya muda akasema tena. Akasema sauti kama ile hajaisikia tangu alipokuwa na nywele.

Trevor aliketi sakafuni mbele ya spika, kiganja juu ya mbao, na alikaa hivyo mpaka wimbo ulipoisha.

Barrie alinirekebisha mara tatu. Kwenye wimbo wa pili niliingia mapema, kwenye wa nne nilichelewa, na kwenye wa mwisho nilikuwa, kwa maneno yake, nimeingia wimbo wa watu wengine. Haya ni mambo madogo. Sauti ndiyo inayokumbukwa.

Mpango wa Jumamosi: kipindi cha Trevor kikiisha kunafuata bingo, kisha mimi. Vali baridi hupiga kama mtu mwenye mafua. Nitaiwasha kabla ya bingo, ipate moto wakati wote huo. Na kitufe cha sauti nitakipandisha mpaka mwisho mapema, ili noti yangu ya kwanza iwavunjie viti.

Jumapili, 17 Novemba

Nitaandika yaliyotokea jana kwa mpangilio wake.

Ukumbi ulijaa. Pai na njegere zilipikwa za kutosha. Norman Gaukroger, katibu wa klabu na mwita namba za bingo, alivaa koti lake jekundu. Zawadi kuu ilikuwa wikendi ya watu wawili Scarborough, hoteli yenye dirisha la baharini. Klabu haijawahi kutoa zawadi ya aina hiyo. Watu waliokuwa hawasemezani walikaa meza moja ili wachungane.

Trevor alipiga kipindi cha kwanza. Alipiga vizuri. Hakukosea popote. Sauti yake ilikuwa safi, nyembamba, na ilifika vizuri hadi meza ya tatu.

Kisha bingo: namba huitwa, unaweka alama kwenye kadi, na anayejaza kwanza hushinda. Kwa asiyejua klabu zetu: wakati wa bingo hakuna anayeongea. Baa hufungwa. Wahudumu hukaa. Kuna mwaka mzee mmoja alizimia kwenye meza ya mlangoni, na waliokaa naye walisubiri mtu apate ndipo wakaita gari la wagonjwa. Alipozinduka aliuliza kadi yake ilikuwa imebakiza namba ngapi.

Nilikuwa nimeiwasha Bramwell kama nilivyopanga, kitufe hadi mwisho. Ilikuwa inanguruma polepole kama friji. Hakuna aliyejali.

Norman akaita, kila namba na jina lake la utani. "Kumi na moja, miguu ya dada." Watu wakapiga mluzi, kama ilivyo desturi. "Themanini na nane, mabibi wawili wanene." Kimya. Kalamu tu. Akaita nyingine na nyingine. Ikafika pale ambapo unaona watu wameacha kupumua, kila mtu kabakiza namba moja.

Norman akachukua mpira, akafungua mdomo. Na sauti ya mwanamke, nzito, tulivu, yenye joto lote la vali, ikatoka jukwaani:

"Thelathini na nne, mpenzi."

Ukumbi mzima ukainamisha kichwa na kuweka alama.

"Imejaa!" Alikuwa Edna Crabtree, ambaye hajawahi kushinda hata soseji kwenye bahati nasibu ya nyama. Alisimama na kadi juu, machozi yakimtoka. Meza yake ikaanza kumpigapiga mgongoni.

Norman alisema kwenye kipaza sauti kwamba hajaita thelathini na nne. Mpira aliokuwa nao mkononi ulikuwa sitini na moja. Edna akamwambia ameisikia kwa masikio yake mawili na asimfanye kiziwi. Norman akasema, "Edna, mama yangu, tangu lini mimi nikamwita mtu mpenzi nikiwa na kipaza sauti mkononi?"

"Ndiyo nikashangaa," Edna akasema. "Nikadhani leo una furaha."

Watu wengine wanne nao wakasimama, wakidai kwamba kama thelathini na nne inahesabiwa basi na wao zimejaa. Mmoja akadai ameisikia na sitini na moja pia, kwa hiyo ashinde mara mbili. Sauti zikapanda. Mtu alitaja kilichotokea kwenye bingo ya mwaka 1988, na mwingine akavua miwani yake.

Ndipo sauti ile ikarudi, tulivu vilevile:

"Thelathini na nne, mpenzi, achana na hizo chipsi. Kuna mama na mbwa wake wanangoja nje ya posta."

Kichwa baada ya kichwa, ukumbi mzima uligeuka kuitazama Bramwell. Kisha, kwa mpangilio uleule, ukanigeukia mimi.

Ofisi ya teksi iko ng'ambo ya barabara, dirisha linatazamana na klabu. Mwanamke anayegawa magari kwa redio, akimwita kila dereva kwa namba yake, alikuwa anasikika kwangu kuliko anavyosikika kwa madereva wake.

Kamati ilikutana jikoni kati ya sufuria za njegere. Uamuzi: mchezo urudiwe upya, Edna apewe pai nzima ya nyama ya nguruwe kwa usumbufu, Clifford Sugden asiguse kitu chochote chenye waya wakati wa bingo, kwa muda usio na mwisho. Edna aliikubali pai lakini hakukaa nayo meza moja. Aliiweka kwenye kiti chake peke yake na akakaa kando. Wikendi ya Scarborough ilikwenda kwa mke wa Norman. Kuhusu hilo sina maoni, ila ninayo.

Kipindi changu kiliruhusiwa kwa sababu Barrie alikuwa ameahidi vipindi viwili. Nikapanda. Noti ya kwanza ilitikisa bilauri zote za baa. Mzee mmoja wa mbele alishika kifua chake kwa mkono na kutabasamu. Hata Norman aligeuka.

Wimbo wa tatu ulikuwa wa taratibu, ule ambao Barrie hufunga macho. Mwisho wa ubeti kuna pumziko. Kwenye pumziko hilo mwanamke wa teksi akasema gari la Sutcliffe liko mlangoni. Bwana na Bibi Sutcliffe wakanyanyuka, wakachukua makoti, wakamshukuru Barrie kwa mkono na kutoka. Kwenye wimbo uliofuata ikawa gari la kina Helliwell. Kisha la kina Ramsbottom, na baada yao watu wa meza yote ya dirishani, waliokuwa wamechangia gari kubwa. Kila mmoja aliondoka kwa adabu, akiwa ameridhika. Kwa kawaida husimama nje kwenye baridi wakibahatisha. Mama mmoja alikuja mbele ya jukwaa, akainama kwenye spika, akaomba kama inawezekana gari lake liletwe upande wa nyuma.

Hadi wimbo wa mwisho walikuwa wamebaki wale wanaoishi umbali wa kutembea.

Nikiwa nakunja nyaya Trevor alikuja. Akasema, "Mzee, sijawahi kusikia besi kama ile maisha yangu." Nikamwangalia usoni kutafuta kejeli. Haikuwepo. Nimeliandika hili kama ushindi.

Asubuhi ya leo Doreen alikuwa anamwagilia maua. Alinyanyua chungu, akafuta kutu kwa kidole gumba, akasoma kwa sauti: USIWASHE BILA BATI HILI, HUZUIA REDIO. Akanitazama. Nikamwambia onyo muhimu kama hilo walipaswa kuliandika mahali panapoonekana.

Jumatatu, 18 Novemba

Barrie alikuja saa nne asubuhi. Alikubali chai. Alivua kofia. Alipoanza kuongea na saa ya ukutani nilijua.

Aliiambia saa kwamba bendi imekaa na kuzungumza. Kwamba mimi na yeye tumetoka mbali. Kwamba mtu huzeeka, na kwamba kuingia wimbo wa watu wengine mara moja ni bahati mbaya lakini Jumamosi nilifanya hivyo kwenye nyimbo nne. Watu hawakugundua kwa sababu walikuwa wanasikiliza magari. Yeye aligundua. Kwa hiyo Trevor atabaki.

Najua kupokea hukumu. Nilifanya kazi ya uandishi mahakamani miaka mingi, na nimewaona watu wakisomewa mambo mazito kuliko haya. Walio bora huuliza tu kama wanaweza kukaa.

Nilikuwa nimeshakaa.

Kisha Barrie akaligeukia jiko la gesi, maana lililobaki lilikuwa gumu zaidi. Akasema Trevor amekataa. Amesema hapigi kwenye bendi ile bila Bramwell. Baada ya kuisikia, ile yake mwenyewe hawezi tena hata kuitazama. Norman ameikubali mashine klabuni, sharti bati lifungwe. Wanaomba niwaazime. Na kwa kuwa hakuna mwingine anayethubutu kuigusa, wanaomba pia niwe nakuja nayo. Nikae nyuma jukwaani niiangalie isipate moto kupita kiasi. Jina langu litaandikwa kwenye tangazo, chini, kwa herufi ndogo.

Kwa maneno mengine, bendi imeuchukua mzigo na kumwacha mbebaji, kisha ikamrudisha mbebaji.

Nikamwambia Barrie kwamba muziki ni mkubwa kuliko mtu mmoja. Nikamwambia Trevor ni kijana mzuri na anastahili kusikika. Nilisema nitakuja, kila Jumamosi, bila kinyongo, na ninachoomba ni kiti tu, chenye mto.

Barrie alinitazama mimi mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Macho yalikuwa yamelowa. Akasema mimi ni muungwana, alidhani nitaleta matata, na kwamba atakwenda kumwambia kila mtu. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akasahau kofia, akarudi kuichukua, akanishika mkono tena.

Mlango ulipofungwa Doreen alikuwa amesimama palepale na buli la chai. Akauliza hicho kiti kitakuwa upande gani wa mashine.

Nikamwambia upande wa kitufe cha sauti.